Sungura Waliokula Watoto Wao

Kesi ilikuwa imekwisha kuhukumiwa bombani kabla Inspekta Clémence hajafika. Nyakasanza, mtaa wa Bunia, haingoji polisi. Ndoo zilikuwa hazijajaa nusu, na tayari wanawake walijua mwuaji wa sungura ni nani, sumu aliitoa wapi, na siku ya kuitia alikuwa amejifunga kitenge cha rangi gani.

"Mama Inspekta, weye urudi tu," Léonie alimwambia bila kuacha kugeuza mikate katika mafuta. Huyu Léonie alikuwa mwuza mikate ya kukaanga pale njiani, na habari zote za avenyu zilipita kwanza kwenye karai lake. "Mutu ya sumu amefungwa ku kasho. Imebaki nini?"

"Imebaki kuuliza."

"Utauliza nani? Sungura?"

Watu wakaangua kicheko. Clémence naye akacheka, akachukua mkate mmoja wa moto, akaingia huku anatafuna mpaka uani kwa Mama Anastasie. Alikuwa mzaliwa wa Kisangani, mwanamke mnene wa makamo, mpelelezi pekee aliyebaki katika ofisi ya polisi baada ya wenzake kukimbilia Beni na ng'ambo ya ziwa. Kazi yake aliijulia sokoni zaidi ya darasani: ukitaka mtu aseme, kula chake kwanza.

Mama Anastasie alikuwa akilisha watoto waliokaushwa na njaa ya vita, wale wenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba. Kwa ajili yao alifuga sungura. Vizimba vyake vya mbao vilipangwa uani kwa safu, kuanzia lango la mbele mpaka ukuta wa matofali wa nyuma. Sasa vingi vilikuwa vitupu, wenyewe wamekufa. Sungura waliobaki walijikunyata pembeni, manyoya yanawatoka mafungu mafungu, masikio yamelala.

"Sungura mama moja alizaa," Anastasie alisema. "Nikakuja asubuhi, nikakuta amekula vitoto vyake vyote. Mwenzake naye vilevile. Ninafuga toka zamani za Zaire, Mama Inspekta, sijaona ile. Ile haiko kitu ya Mungu."

"Na weye ndiye ulisema ni Vicky?"

"Si mimi. Watu walisema. Vicky ndiye analeta majani."

Vicky alikuwa mama wa upande wa Mahagi, aliyefika Bunia akikimbia vita vya ufukweni mwa ziwa na wanawe, na sasa aliishi kwa kukata majani ya mifugo. Mjini hakuwa na shangazi wala mjomba. Jana vijana walimkokota kutoka nyumbani kwake, wakampitisha avenyu nzima wakimwita mchawi wa sumu, na kama polisi wawili wasingemnyang'anya na kumfungia kasho, leo lingekuwa linachimbwa kaburi. Asubuhi hii komanda wa wanamgambo aliyeushika upande ule wa mji alikuwa ametuma neno: jua likianza kushuka, gari lake litakuja kumchukua, "tumuulize kwa njia yetu". Bunia nzima iliijua njia ile. Waliokwenda kuulizwa huko, ndugu zao walikuwa bado wanawangoja. Mkubwa wa polisi, aliposikia, alishikwa na malaria papo hapo, akaenda kulala.

Kwa hiyo Clémence alikuwa na mchana mmoja. Akafuta mafuta ya mkate vidoleni, akaanza kazi.

*

Kasho ilikuwa stoo ya zamani yenye dirisha la ukubwa wa kiganja. Vicky alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, blauzi imepasuka begani.

"Majani unakata wapi?" Clémence aliuliza, akichuchumaa mbele yake.

"Kando ya muto Nyamukau. Siku zote palepale."

"Unapelekea nani mwengine?"

"Elisabeth, dada ya Mama Anastasie, kule Saio. Naye iko na sungura, ni mbegu ya hawa hawa. Mufuko ni moja. Ninamwaga nusu hapa, nusu ninapeleka kule."

"Nani anachagua nusu gani inaenda wapi?"

"Atachagua nani, mama? Majani ni majani. Mukono inaingia, inatoka."

"Na ku nyumba ya Anastasie unaweza kuingia wakati yeye haiko?"

"Hapana. Kuko kufuli. Ninamungojea ku mulango mpaka afike, anafungua, ananiangalia nikimwaga."

Clémence akasimama. Anayetia sumu kwenye majani hawezi kugawa mfuko bila kutazama. Labda anayetaka kuua wote, hapa na Saio. Lakini Saio hakuna aliyepiga yowe.

"Mama Inspekta," Vicky akamwita. "Jua ikishuka, nitakuwa hapa ao kule?"

"Nitakuwa na jibu mbele ya jua kushuka."

*

Daktari wa wanyama, Yves, alikuwa kijana aliyesoma Lubumbashi na kuletwa Bunia miezi michache kabla mji haujawaka. Ofisi yake iliporwa mpaka bawaba za milango. Kitu alichookoa ni mikroskopi moja ya kizamani, isiyotumia umeme, aliyoificha ndani ya gunia la makaa. Chini yake ina kioo kidogo cha kukamata mwanga wa jua. Kwa hiyo Yves alifanya kazi kama kuku: jua likizama, macho yake yanafungwa.

"Dokta, avenyu yote inasema umeona sumu."

Yves alipiga meza. "Sijasema sumu! Anastasie aliniletea sungura waliokufa, nikatazama, nikamwambia kuna kitu kinavunja damu yao. Basi. Neno lilitoka hapa na viatu vyake, kufika kwa Léonie lilikuwa limevaa koti."

"Tumbo yao ulipasua?"

"Nilipasua. Majani tu, hakuna kidonda, hakuna povu. Ini ni safi, figo ni safi. Sumu ya panya ningeiona, na ya mihogo vilevile."

"Basi imevunjika nini?"

Alimwita kwenye mikroskopi, akageuza kioo kukamata dirisha. Clémence akafumba jicho moja. Aliona maduara mengi ya rangi ya waridi, na ndani ya baadhi yake vidoa vya zambarau, kama mbegu za mchicha.

"Huu ni uboho, nimeutoa ndani ya mfupa wa paja, pale damu inatengenezwa," Yves akaeleza. "Kila chembe ya mwili iko na ADN, ile wengine wanaita DNA. Chukua kama karatasi ile fundi cherehani anakatia nguo. Karatasi ikipasuka, nguo inatoka na mukono mumoja. Sasa, chembe ya damu ikikomaa, inatupa ADN yake yote nje. Lakini kama ADN ilikuwa imevunjika, vipande vidogo vinasahaulika ndani. Vile vidoa ndivyo vipande. Ku sungura muzima utatafuta mpaka uchoke ndipo uone kimoja. Hapa vimejaa."

"Nini inavunja?"

"Sumu zingine zisizoacha alama ku tumbo. Zebaki. Mionzi. Ugonjwa." Akasita, akakwaruza kidevu. "Na hofu."

"Yves, mutu anaenda kuuawa leo. Usinichezee."

"Sichezi, Mama Inspekta. Mwalimu wetu alitusomea kazi ya watu wa ng'ambo. Panya wanafungiwa pahali wanaona wenzao wanateswa. Wao hawaguswi, wanakula vizuri, wanakunywa. Wakipasuliwa, ADN yao imeumia. Wengine wanawekewa paka nyuma ya waya. Unajua mashini ya kusaga mahindi, ikiachwa inazunguka usiku muzima bila mahindi? Ni moto na moshi. Mwili wa mwenye hofu isiyoisha unafanya ile. Moshi wake unachoma ndani kwa ndani. Na sungura mwenye hofu anakula vitoto vyake; ile hata mufugaji asiyesoma anaweza kukuambia."

"Hapa Bunia nani haiko na hofu? Risasi ilikuwa inalia kila siku."

"Ndiyo maana sikulisema."

Clémence alitazama dirisha. Jua lilikuwa limekwisha panda. "Basi tutaweka majani, zebaki na hofu ku meza moja," akasema. "Tutatoa moja moja. Chukua kisu."

*

Kule Saio, Elisabeth aliwapokea kwa viti, kwa chai na kwa mashaka.

"Munataka kuchinja sungura yangu juu ya masomo?"

"Mumoja tu," Yves alisema. "Tunahitaji mfupa wa paja."

"Paja! Na mimi nitakula nini, masikio?"

"Nyama yote ni yako, dada," Clémence akasema. "Siye tunachukua mfupa, tena mutupu. Ukitaka, toa nyama weye mwenyewe."

Elisabeth aliitoa mwenyewe, akausafisha mfupa mpaka ukang'aa, kusudi sayansi isimwibie. Sungura wake walikuwa wanene, mama mmoja ananyonyesha vitoto vyote. Ukuta wa nyumba ulikuwa na matundu ya risasi tangu mapigano ya Mei, na Elisabeth aliapa kwamba hata wiki iliyopita bunduki zililia karibu kuliko Nyakasanza.

Yves aliukwangua uboho juu ya kioo, akautia rangi, akaweka mikroskopi juu ya kinu uani penye jua. Wakangoja. Chai ilipoa.

"Safi," akasema mwishowe. "Ninatafuta, sioni."

"Majani ni yale yale ya Vicky. Risasi ni ile ile." Clémence alisimama, akaupangusa udongo wa sketi. "Majani imetoka. Risasi imetoka. Turudi."

*

Uani kwa Anastasie, Clémence hakuuliza mtu. Alizunguka vizimba polepole, mikono nyuma, kama mama anayechagua nyanya.

"Wale waliokufa, walikuwa wanalala wapi?"

Anastasie akaonyesha. Kizimba hiki, na hiki, na kile. Vyote vilikuwa vya safu ya nyuma, vimeegemea ukuta wa matofali.

"Na mama waliokula vitoto?"

"Palepale. Ku ukuta."

"Yves, chinja mumoja wa mbele, karibu na lango."

Anastasie aliguna lakini akamtoa. Safari hii Yves alichukua muda mrefu kwenye kioo, akisogeza mikroskopi kila mara kufuata jua lililokuwa linamkimbia.

"Vidoa viko," akasema. "Lakini vichache. Siyo kama wa nyuma, hata karibu."

"Maji ni moja?"

"Ndoo ni moja," Anastasie akajibu.

"Basi kitu hakitoki ku majani wala ku maji. Kinatoka ku ukuta." Clémence akausogelea. Ulikuwa mrefu kuliko mtu, na chini yake, usawa wa vizimba, palikuwa na matofali yenye matundu ya kupitishia hewa. Akainama, akanusa. Samaki wa chumvi. Nyuma ya samaki hakusikia kingine. "Huku nyuma ni kwa nani?"

"Depo, ghala ya samaki. Abdoul, mwenye kununua dhahabu, alikuwa anapanga chumba mule."

Yves akamtazama. Dhahabu ya machimbo ya Nizi huchomwa kwa zebaki, na moshi wa zebaki hauulizi njia, unapita tunduni.

*

Walimkuta Abdoul kwenye kibaraza cha nyumba nyingine, karibu na msikiti, anacheza karata na marafiki. Alizaliwa Kindu, akachimba Nizi, akapoteza kidole huko. Hakujua kusema polepole.

"Zebaki! Mama mukubwa, toka barabara ya Nizi imefungwa ninachoma nini? Machozi? Angalia mizani yangu, buibui amejenga nyumba, amezaa, watoto wanaenda shule."

Marafiki wakacheka. Clémence aliiona mizani. Utando ulikuwa wa kweli.

"Na ku ile depo ulikuwa unachoma?"

"Hata siku moja. Mwenyewe, Hippolyte, alikataa moto. Na mimi nimetoka mule mbele ya Artemi kufika, ile askari ya Wazungu. Hippolyte alinisukuma nitoke, akabaki na chumba chote. Nilishukuru, harufu ya samaki ilikuwa imeniingia mpaka ku boubou ya kuswalia Ijumaa."

"Samaki anatoka wapi? Njia ya Kasenyi, ya ku ziwa, iko wazi?"

Karata zikasimama. "Haiko wazi," Abdoul akasema. "Imefungwa mbele ya ile ya Nizi."

"Na harufu bado iko. Nimeisikia leo."

"Hippolyte ni mutu ya ajabu siku hizi," akasema mcheza karata mmoja. "Analalamika njaa, na ku bucheri anachukua matumbo na vichwa vya mbuzi, kila siku mbili, beseni nzima. Anasema ni ya mbwa."

"Mbwa gani?" Abdoul akadakia. "Yule anaogopa mbwa! Anapita barabara ingine juu ya mbwa!"

Clémence alikuwa amekwisha simama. "Abdoul, vaa viatu. Nitakuhitaji kama shahidi."

*

Jua lilikuwa limelainika walipofika Nyakasanza, na avenyu ilikuwa imejaa. Ilikuwa saa ile ya kila siku ambapo mtaa mzima hufunga milango, hukunja mikeka, na kwenda kulala chini ya maturubai ya kampi, karibu na uwanja wa ndege, walipokuwa askari wa kigeni. Wanarudi asubuhi kufagia na kulisha mifugo. Walifanya hivyo tangu Mei, na walikuwa wamezoea mpaka wakasahau kwamba si kawaida.

Clémence akasimama katikati ya njia.

"Bamama, nyuma ya ukuta wa Anastasie munasikiaka nini?"

"Hakuna kitu!" Léonie akajibu kwa niaba ya taifa. "Kimya kama kanisa la Jumatatu. Kama kungekuwa kitu, mimi ningejua."

"Usiku pia?"

"Usiku pia!"

"Léonie, usiku ulilala hapa lini?"

Léonie akanyanyua kidole kuhesabu, kisha kidole kikabaki hewani. Wanawake wakatazamana. Mmoja akatazama mkeka ulio kichwani mwa mwenzake.

"Hakuna mutu analala hapa," Clémence akasema. "Wote munanitolea ushahidi wa mchana. Wenye kulala hapa ni sungura tu, na wao munawakuta asubuhi wamekufa. Sasa ingine. Neno 'sumu', weye Léonie ulilisikia kwa nani?"

"Kwa mama ya maharagi."

"Mimi nilisikia kwa fundi wa baiskeli!" mama wa maharagwe akapiga kelele kutoka nyuma.

Fundi akanyanyua mikono. "Mimi aliniambia Papa Hippolyte. Alisema Dokta amemwambia yeye mwenyewe, ni sumu, na majani ya yule mama wa Mahagi."

"Mimi Hippolyte simjui hata sura," Yves akasema.

Kisha watu wote wakageuka, kwa sababu Hippolyte alikuwa pale pale, kando ya lango la depo, mtu mrefu mwenye kofia ya majani, na alikuwa anaanza kuondoka.

"Papa Hippolyte," Clémence akamwita kwa upole. "Ninatafuta samaki."

"Imeisha, Mama Inspekta."

"Harufu iko."

"Ni ya zamani."

"Basi tufungue, nione za zamani. Upekuzi mbele ya mwenye nyumba na mashahidi wawili. Mwenye nyumba ni weye. Anastasie, Abdoul, mukuje hapa."

"Depo ile iko na mwenyewe." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Mimi ninachunga tu."

"Mwenyewe ni nani?"

"Siwezi kusema."

"Si neno. Fungua weye, ao nitafungua kwa shoka na weye utaingia wa kwanza."

Hippolyte aliutazama umati. Hakukuwa na upande wenye nafasi. Akatoa ufunguo.

Ndani, samaki wachache waliokauka kama mbao walining'inia mlangoni. Nyuma yao palikuwa na turubai kubwa kutoka darini hadi chini. Clémence akalivuta.

Chui hakunguruma. Alikuwa ndani ya kizimba cha nondo kilichosukumwa mpaka kwenye matundu ya ukuta, na alikuwa anatembea, hatua mbili, anageuka, hatua mbili, anageuka. Mkia wake alikuwa ameutafuna mpaka ukawa kama kamba. Alipouona mwanga wa mlangoni akarudi nyuma, akajibana kwenye matofali, pua tunduni.

Upande wa pili, umbali wa mkono, palikuwa na safu ya nyuma ya sungura.

"Yesu Maria," Anastasie akasema.

"Ni wa msituni, upande wa hifadhi ya Epulu," Yves akanong'ona. "Bado kijana. Mchana analala, usiku anasema. Sauti yake ni kama msumeno ndani ya ubao. Kila usiku walikuwa wanaisikia hapa, wanasikia pumzi yake, na mulango wao iko na kufuli."

"Na hajagusa hata mumoja," Clémence akasema.

"Hata mumoja. Haikuwa lazima." Yves alikuwa bado anautazama ule mkia. "Na yeye mwenyewe, nikimtoa uboho leo, nitakuta vidoa vilevile."

Nje watu walikuwa wanakanyagana kutaka kuona. Katikati ya kelele hizo ndipo ikasikika honi. Jipu la komanda lilikuwa limeingia avenyu. Tangu amri kwamba silaha zisionekane mjini, bunduki zilisafiri chini ya viti, na kila mtu alijua ziko chini ya kiti kipi. Akashuka ajida, msaidizi wa komanda, kijana mwenye miwani myeusi.

"Nimekuja juu ya yule mama ya sumu. Polisi wananiambia ufunguo iko na..." Hapo akaliona lango la depo liko wazi, na turubai limelala chini. Akavua miwani. "Nani amefungua? Nani aliwaambia kufungua? Ile chui ni ya komanda! Ndege ya mununuzi inakuja kesho, mukimuua mutalipa nini, weye Hippolyte, nilikuambia nini?"

Kisha akauona mtaa mzima unamtazama.

"Rudia, ajida," Clémence akasema. "Chui ni ya nani?"

Ajida akavaa miwani tena.

"Amesema ya komanda," Léonie akapaza sauti, mkeka kichwani, mikono kiunoni. "Siye wote tumesikia. Na kampi yote itasikia mbele ya kulala."

"Chui wa hifadhi, amefichwa katikati ya nyumba za watu," Clémence akasema, na hakupaza sauti, kwa hiyo wa nyuma wakasogea ili wasikie. "Sungura wakaanza kufa kwa hofu. Mukaogopa watu wataanza kuuliza juu ya ukuta. Hippolyte akatupa neno 'sumu', na komanda akataka kumuchukua Vicky kabla mimi sijauliza. Dosiye ya sumu nimeifunga, ajida. Hii ingine iko na jina ulilolitaja weye mwenyewe."

"Mimi nimetumwa kuchukua mama."

"Mama haiko na kosa. Utamuchukua juu ya nini?"

Ajida alitazama chini ya kiti cha jipu. Akatazama watu. Hakuna aliyerusha jiwe wala aliyetukana. Ila hakuna aliyesogea. Walikuwa wamesimama na mikeka yao, na masufuria yao, na watoto mgongoni, ukuta kwa ukuta. Dereva akatia gia ya nyuma, na jipu likarudi kinyumenyume avenyu nzima mpaka barabara kubwa.

Clémence akamfunga Hippolyte pingu. Yves akatumwa misheni, kwenye foni, ile redio ya mawasiliano, kuwaita watu wa hifadhi ya Epulu. Abdoul na wenzake wa karata wakaketi mlangoni mwa depo kuzuia wajinga. Kisha Inspekta akaenda kasho, na mtaa ukamfuata, kwanza wachache, halafu wote.

Alipofungua, Vicky alikuwa amesimama tayari. Alikuwa amejifunga kitenge vizuri, amefunga na kitambaa kichwani, kama mtu aliyejua atakakopelekwa.

"Gari imefika?"

"Imefika, imerudi. Uko huru. Haikuwa majani yako. Ni chui nyuma ya ukuta."

Vicky alimsikiliza mpaka mwisho. Akatoka mlangoni, akauona umati. Anastasie alikuwa mbele yao.

"Nani alisema niko muchawi?" Vicky akauliza.

Mama wa maharagwe akatazama ardhi. Fundi wa baiskeli akapata kazi kwenye kifungo cha shati.

"Vizuri. Hakuna mutu." Akashuka ngazi. "Jana mulinileta hapa avenyu muzima. Sasa mutanirudisha ku nyumba avenyu muzima, kwa njia ileile, nyumba kwa nyumba. Na weye mwenye mikate, weye mwenye sauti, utatembea mbele. Utasema kila mulango nimekosa nini."

Jua lilikuwa limebaki ukanda mwembamba juu ya mabati, na njia ya kampi ilikuwa upande wa pili. Hakuna aliyelitaja jua. Léonie akaweka mkeka wake chini, akavuta pumzi, akaenda mbele. Anastasie akafuata nyuma ya Vicky, bila kumgusa. Na Nyakasanza, mikeka kichwani, ikageuka, ikawafuata.

"Hakukosa kitu!" sauti ya Léonie ikasikika kwenye mlango wa kwanza. "Mutoke mumuone! Hakukosa kitu!"